Fundi Aliyegonga Mara Tatu

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake. Alipewa gereji, na lilimganda hata mkewe akazoea kumwita hivyo mbele za watu. Alikuwa fundi bodi, mtu wa kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja chini ya paa lilelile, kati ya ukuta wa kiwanda cha magodoro na duka la betri. Siku jina lilipozaliwa, bwana mmoja mwenye kitambi na maneno mengi alileta gari lake jeupe akitaka lipakwe rangi tu, akaapa kwamba tangu litoke kiwandani halijaguswa hata na baiskeli. Fundi akapita ubavuni mwa gari, akagonga mlango wa nyuma kwa kifundo cha kidole mara tatu, wala hakusimama. "Hapa pana filla vidole viwili," akasema huku anakwenda zake. Filla ni ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, wa kuzibia mabonde kabla ya kupiga rangi. Bwana akaja juu kama moto wa kifuu. Wakakwangua. Vilikuwa vidole viwili na ushei, na watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Tuseme ukweli, alivimba kichwa. Wenzake walinunua sumaku, maana sumaku hunata kwenye chuma na kuteleza penye filla, na yeye akawadhihaki kila siku ya Mungu kwamba wanatembea na miwani ya wavivu. Kuinua zulia la gari na kutazama sakafu, hilo kwake lilikuwa sawasawa na kukiri hadharani kwamba hujui kazi. Alisema yeye hainui zulia, gari lenyewe linamwambia. Majivuno matupu, lakini kwa miaka ishirini na kitu yalikuwa ya kweli. Aliyetaka kununua gari lililotumika alimpitia yeye kwanza. Akisema zima, mtu analipa. Akitikisa kichwa, mtu anaondoka na wala haulizi kwa nini.

Sasa angalia kilichompata. Nyundo juu ya bati, kutwa kucha, miaka yote hiyo, na hata kipande cha pamba masikioni hakuweka. Kwanza zilipotea sauti za ndege, akaona si kitu. Ikafuata simu. Kisha maneno ya mtu aliyempa mgongo. Sikio la kushoto likafa kabisa, na la kulia likabaki na mvumo mmoja tu, kama jenereta la jirani lisilozimwa. Bati zima na bati lililojazwa filla yakawa kitu kimoja. Na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Fundi anayeitwa Sikio asimame mbele ya gereji atangaze kwamba hasikii? Aliona bora afe.

Akajifunza ujanja wa kila namna. Alikaa akitazamana na watu ili asome midomo yao. Wengine wakicheka, naye anacheka. Swali asilolipata alilijibu "Tutaona", na utashangaa maswali mangapi ya dunia hii yanaridhika na jibu hilo. Magari ya kupimwa aliyakimbia kwa visingizio: leo mgongo, kesho msiba, keshokutwa ana kazi ya haraka ya tajiri fulani. Mkewe ndiye aliyemgundua, jikoni, siku sufuria lenye mfuniko lilipomponyoka na kuanguka nyuma yake, naye akaendelea kunywa chai. Mke akamzunguka, akasimama mbele yake, akamuuliza ni tangu lini. Alipomwambia, mama wa watu alilia kidogo, akafuta machozi kwa upande wa kanga, na akakubali kulishwa kiapo cha kunyamaza. Tangu hapo akawa masikio yake. Simu alipokea yeye. Mgeni akisema jambo, yeye analirudia kwa sauti kana kwamba limemshangaza, na mume anayafuata maneno midomoni mwake.

Walikuwa na watoto watatu, wawili wameshajitegemea mbali, na kitindamimba, binti, bado yuko nyumbani. Huyu walimwita Chapu, kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake na akatembea kabla ya wenzake. Jumatatu hadi Ijumaa alivaa koti jeupe katika maabara ya zahanati, akipima damu za watu. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Nje ya mji palikuwa na uwanja wa ndege ulioachwa, na chama cha wapenda magari kilikuwa kimepanga matairi chakavu juu ya ile lami ndefu, kikatengeneza kona na kushindana na saa, gari moja moja. Chapu alianza kwa kushika saa na kuandika muda wa wengine. Siku moja wakamwachia usukani, akawapita nusu yao. Kwisha habari yake. Mama alikuwa anasubiri mkwe. Binti alikuwa anasubiri gari la milango miwili.

Alijinyima miaka minne. Alipofikisha kiasi alichokitaka alinunua daftari la jalada la kijani, akaandika masharti yake kwa mwandiko uleule wa kuandikia majibu ya damu. Gia za mkono. Injini isukume magurudumu ya nyuma. Liwe jepesi na fupi, breki zisichoke baada ya mizunguko mitano, spea zipatikane bila kuagiza ng'ambo. Siku za kazi liweze kumpeleka zahanati bila kumwaibisha. Na sharti la mwisho, alilolipigia mistari miwili chini: Baba agonge.

Mke alimwona mumewe anavyolisoma daftari lile mezani. Akangoja binti aingie bafuni, akamsogelea uso kwa uso.

"Mwambie ukweli. Ukishindwa, mwambie umechoka, aende kwa fundi mwingine."

"Nimwambie mwanangu aende kwa watu wa sumaku?"

"Mume wangu, hili si gari la kwenda sokoni. Mtoto analikimbiza."

Alijibu kwamba ana macho, ana mikono, na amekula chumvi nyingi katika kazi hiyo. Mke akamtazama, akainuka, akaenda kuosha vyombo. Kiapo ni kiapo. Wala tusimlaumu haraka hivyo, maana ni mwanamke aliyezoea kumlinda mtu huyu, na mazoea yana taabu.

Waliona magari matatu. La kwanza lilikuwa jeupe, limewekewa turbo na vijana waliojifunza ufundi kwenye simu, na lilipowashwa likatoa moshi wa buluu ukafunika ua mzima. Chapu alicheka, akalikata kwenye daftari. La pili lilikuwa la mwalimu mstaafu. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imefifia, kiti cha dereva kimechanika, na kwenye dashibodi jua lilikuwa limechora nyufa. Nguvu yake ya kawaida tu. Mwalimu alilifungua kila mahali bila kuambiwa: boneti, buti, zulia, hata kifuniko cha taa. Alisema hana cha kuficha ila uzee, wake na wa gari. Sikio aligonga kidogo kwa ajili ya desturi, akaona sakafu yenyewe kwa macho yake, na moyo wake ukatulia. Alimwambia binti kwamba hili ni gari. Binti akasema ndiyo, Baba, lakini halimchangamshi.

La tatu ndilo lililomchangamsha. Lilikuwa katika ua wa dalali, limeegeshwa peke yake, jekundu lililokolea, limelala chini, na mgongo wake ulikuwa mzuri kwelikweli. Bei yake haikupishana sana na ya lile la mwalimu. Hapo tu mtu mzima angejiuliza. Chapu alilizunguka mara mbili, akaingia, akashika usukani, na baba yake akaona uso ule aliokuwa nao akiwa na miaka sita, siku aliponunuliwa baiskeli.

Dalali hakusifu kitu. Alimtambua Sikio, akamwamkia kwa heshima, akarudi nyuma hatua tatu na kukunja mikono. Dalali mwenye akili hufanya hivyo.

Na jicho la fundi liliona, jamani. Tusije tukasema hakuona. Kwenye kizingiti cha mlango, pale chini unapokanyaga ukiingia, rangi ilikuwa nene kwa unene wa karatasi kuliko inavyotakiwa. Viti vilikuwa vimechakaa kwa umri wake, lakini zulia lilikuwa jipya. Zulia jipya chini ya viti vikuukuu! Fundi yeyote wa mwaka wa pili angeliinua. Alijua kabisa lingemchukua nusu dakika. Lakini dalali alikuwa pale anatazama, wanunuzi wengine wawili wamesogea kumwona Sikio mwenyewe akifanya kazi, na binti yake alikuwa amesimama na kalamu mkononi, anangoja.

Akagonga kizingiti. Mara tatu, kama kawaida yake. Alisikia mvumo wa jenereta lake. Akagonga madigadi ya nyuma, akagonga nguzo ya mlango, akainamisha kichwa kama mtu anayetega sikio, maana watu walikuwa wanatazama. Kidole kilimwambia pagumu. Basi. Kila kitu ni kigumu kwa kidole.

"Zima," akasema.

Chapu akaandika. Kisha akamkumbatia, na akamwambia jambo begani, upande wa sikio lililokufa. Hakulipata. Akamjibu, "Tutaona."

Majuma manne yaliyofuata nyumba ile ilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloumiza zaidi. Chapu aliimba bafuni, mama yake akamwambia mumewe kwamba anaimba. Alirudi kila Jumamosi na vumbi la matairi usoni, anaeleza kona kwa mikono miwili mezani mpaka chai inamwagika. Sikio alikwenda kumtazama mara moja. Alisimama nyuma ya kamba, akaliona lile jekundu linakuja, linainama, linapita, na akahisi mtetemo wake unapanda kwa miguu mpaka kifuani. Watu wakampa mkono. Alijisikia fahari, na chini ya fahari hiyo alikuwa na hofu kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

Hofu hiyo ilimpeleka mtaa wa mbali, kwenye duka la vyuma ambako hajulikani, akanunua sumaku. Akaiweka mfuko wa suruali. Jioni ya Jumatano, gari likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba na binti yuko ndani anaoga, alitoka, akachuchumaa kwenye kizingiti, akaitoa. Mara kivuli kikamwangukia. Ni jirani muuza betri anapita, anamwamkia, anamuuliza kwa ishara anatafuta nini. Sikio akairudisha mfukoni. Akasema alidondosha ufunguo. Wakaongea kuhusu joto. Jirani alipoondoka, binti alikuwa ameshatoka nje, nywele zina maji, na yeye akajiambia kesho. Alhamisi gari lilikuwa zahanati. Ijumaa vilevile. Jumamosi asubuhi Chapu alichukua kofia yake ngumu, akaenda zake.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo, na hilo kila aliyekuwepo alilirudia. Kona ya tatu, gari likateleza mkia, likazunguka, likagonga ukuta wa matairi kwa ubavu. Wengine wamegonga pale pale, wakatoka wanajipangusa vumbi na kutaniwa. Lile jekundu liligawanyika. Lilifunguka kwenye kizingiti na nguzo, sehemu ya mbele ikaenda huku na ya nyuma huku, na mguu wa kushoto wa Chapu ulikuwa katikati. Taya lilivunjika mahali pawili. Mguu madaktari waliukata chini ya goti siku ileile, mchana, kabla baba yake hajafika.

Mabaki yaliletwa gereji, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuyapeleka. Mpaka rangi wa gereji, mwenzake wa kazi kwa miaka ishirini, aliyapekua kwa bisibisi mbele ya mafundi wote. Yalikuwa magari mawili. Mbele ya moja na nyuma ya jingine, yamechomelewa chini ya zulia kwa vipande vya bati, na juu yake filla unene wa kidole gumba, imepigwa msasa ikalainishwa vizuri ajabu. Mpaka rangi alitema mate chini.

Alisema, na Sikio alimfuata midomo neno kwa neno, "Kama Sikio kapita hapa asisikie, basi aliyeunga hili si binadamu."

Wote wakaafiki. Walimshika bega mmoja mmoja. Hakuna aliyemlaumu, hata mmoja. Dalali alikuwa ameshafunga ua na kutoweka, laana zote zikamfuata yeye. Walipokwenda kula, Sikio alibaki peke yake na mabaki. Akaitoa ile sumaku, akaibandika kwenye kizingiti. Haikunata. Iliteleza, ikagonga sakafu ya saruji karibu na kiatu chake, na hakuisikia ilipoanguka.

Siku ya tisa Chapu aliweza kukaa. Taya lilikuwa limefungwa kwa nyaya, kichwa kimezungushiwa bandeji, na midomo haitikisiki. Alikuwa wodini pamoja na wanawake wengine watano, kitanda cha dirishani. Mama yake ndiye aliyemletea la kuandikia: lile daftari la kijani, lililorudishwa pamoja na kofia na kiatu kimoja. Chapu alikuwa ameandika mambo ya mgonjwa tu. Maji. Unauma. Fungua pazia. Baba alipoingia na kuketi kwenye stuli, binti alimtazama, akaandika, akamgeuzia.

*Baba, siku ile ulisikia nini?*

Miaka minne alikuwa amekwepa maswali ya mdomo, na hili lilikuwa limeandikwa. Kulijibu "Tutaona" haikuwezekana. Jibu jingine lilikuwepo tayari, amekwishapewa bure na mpaka rangi na gereji nzima: aliyeunga hakuwa binadamu. Angelisema tu, angeaminiwa, na jina lingebaki jina. Akavuta daftari ili apate muda, ukurasa ukageuka, na pale akakuta orodha ya yale magari matatu. Mbele ya la mwalimu: *halina makosa, halina raha.* Mbele ya jekundu: *zulia jipya, kwa nini?* Kisha mstari umepigwa juu ya swali hilo, na pembeni: *Baba amegonga. Zima.*

Kumbe binti naye aliliona zulia. Aliliona kama yeye, akaliacha kwa ajili ya kidole cha baba yake.

"Sikusikia kitu," akasema. "Mwanangu, mimi sisikii. Huu mwaka wa nne. Nilikudanganya."

Alidhani ananong'ona. Mtu asiyesikia hajui ukubwa wa sauti yake. Wagonjwa wote watano waligeuka, muuguzi akasimama mlangoni na sinia la dawa, na mke wa muuza betri, aliyekuja na chupa ya uji, akabaki nayo mkononi. Jina la Sikio lilikufa pale, saa nane mchana, na kabla ya jioni gereji ilikuwa na habari.

Chapu hakulia. Nyaya zisingemruhusu vizuri. Alichukua daftari. Hakuuliza kwa nini. Aliandika maneno matatu, akamwonyesha baba peke yake, huku mama amesimama upande wa pili wa kitanda anakunja shuka lililokwisha kukunjwa.

*Na mama alijua?*

Sikio akainua macho kwa mkewe. Mama hakuwa ameyasoma maandishi, lakini alielewa. Shuka lilimponyoka. Midomo yake ikaanza kufunguka. Alikuwa mwanamke mkweli, na alitaka kusema. Mume akamtikisia kichwa, kidogo sana, kama alivyokuwa akiwatikisia wateja wasinunue.

"Hapana," akamwambia binti. "Mama yako hakujua. Nilimficha hata yeye."

Chapu alimtazama kutafuta kama huu ni uongo. Huenda aliuona, huenda hakutaka kuuona. Akalifunga daftari. Akanyoosha mkono, akaushika wa mama yake, akaulaza shavuni juu ya bandeji, na uso akaugeuzia dirishani. Mama aliinama juu yake. Alisema kitu, Sikio hakujua ni nini, kwa sababu midomo yake hakuiona.

Sikio akachukua kofia yake, akatoka. Kesho yake alirudi, na kesho yake tena, akakaa kwenye benchi la korido mpaka saa ya wageni iishe. Ndani hakuitwa. Mkewe alikuwa akitoka na kumsimamia mbele, anamwambia kwa midomo mipana kinachohitajika, sabuni, au sindano, au machungwa ya kukamua, na yeye anakwenda kununua.